Tundu la Jeti

Kwa kaka,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na hilo hata hasira haiwezi kulibadilisha. Natumaini hujambo, wifi hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Huku sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi, na macho yake sasa yanatofautisha mwanga na kivuli tu. Hukuuliza katika barua yako, lakini mimi nimelelewa kueleza hata nisipoulizwa.

Barua yako niliipata Jumatatu na nilimsomea baba yote, pamoja na pale uliponiita fundi wa kubahatisha. Nilitaka asikie mwanawe wa kwanza anavyoandika. Umesema injini imekufa, boti inaozea kwenye kamba, na kwamba wewe kama mkubwa umeshapata mtu wa kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Umesema nikiweza kuiwasha kabla ya mwisho wa mwezi boti ibaki kwangu, na nisipoweza ninyamaze. Miaka kumi na mmoja hujakanyaga hapa, kaka, halafu unatuma masharti kwa posta. Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Unajua vizuri kwamba boti ile ndiyo kazi yangu. Ndiyo inayowafanya watu wa gatini waniite fundi badala ya binti wa fundi.

Basi siku ileile nikafungua kabureta. Bakuli lake lilikuwa limejaa uchafu wa rangi ya chai, petroli ya zamani iliyoganda kama gundi. Nikaloweka kila kitu kwenye sufuria kuukuu. Boya la shaba linaloelea ndani ya bakuli nililitikisa sikioni nikasikia limekunywa petroli, nikalizamisha kwenye maji ya moto hadi vipovu vikanionyesha lilipotoboka, nikalitia lehemu kidogo tu, maana likizidi uzito halielei inavyotakiwa. Gaskiti zake, zile karatasi za kuzibia maungio, hazipatikani tena madukani. Nikalaza karatasi nene juu ya mdomo wa kabureta, nikagongagonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ikajikata yenyewe, kama baba alivyotufundisha sote wawili. Zako wewe zilikuwa zinachanika kila mara. Siku hizi nadhani unachana karatasi za ofisi.

Watu walikuja kuchungulia. Muuza kamba alinishauri nitafute fundi mwanamume anisaidie. Nikamjibu kwamba tuliyekuwa naye yuko ofisini, anauza mali ya wenzake. Alicheka sana yule, na nina hakika maneno hayo yamezunguka gati nzima. Sijuti.

Kilichonikwamisha ni jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linaloipimia injini petroli yake. Iliyokuwemo ilipasuka nilipokuwa naifungua. Nyumbani imebaki moja tu, ile mbovu ambayo baba aliitupa kwenye kopo la skrubu mwaka ule ulipoondoka. Unaikumbuka. Mtu alikuwa ameisafisha kwa waya, jambo ambalo baba alitukataza tangu hatujajua kushika spana. Jeti husafishwa kwa pumzi tu, kwa kuwa waya hulipanua tundu na injini ikaanza kunywa petroli bila kiasi. Boti iliishiwa petroli katikati ya maji ikiwa na abiria, ikasukumwa na mawimbi mpaka kwenye mawe, na yule mwalimu wa hesabu akavunjika mkono. Baba aliifungua kabureta, akaliona tundu limetanuka, na juu ya meza ya karakana, upande wako, akakuta uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Ulikana mara mbili, kisha ukanyamaza. Akakuambia mbele ya watu wote gatini usiguse injini yake tena, nawe ukafungasha.

Sasa baba akaniambia nilizibe lile tundu kwa lehemu, nilitoboe upya kwa keekee nyembamba kuliko zote. Kwanza aliomba aishike jeti yenyewe. Aliizungusha kwenye ncha za vidole, akaitambua, akaanza kunisimulia habari zako. Alisema kilichomuuma si boti wala mkono wa mwalimu, bali ni mwanawe kumkazia macho na kukana. Alisema ungekiri tu, angekufokea jioni moja na asubuhi mngeendelea na kazi. Akaongeza kwamba anashukuru mimi sijawahi kumdanganya.

Kaka, nimekusema vibaya ukurasa mzima kwa sababu sikujua njia nyingine ya kufika hapa. Ni mimi niliyeingiza waya. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ninyi mmekwenda kununua oili, nami nilitaka mrudi mkute nimeshaifunga kabureta peke yangu. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka, tundu halikuzibuka. Nikachomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki, nikausukuma. Upande wako wa meza ulikuwa na mwanga wa dirisha, basi nikafanyia hapo. Ulipokuwa unafokewa nilisimama hatua nne kutoka kwenu, napangusa mikono iliyokuwa safi, na sikusema kitu. Ulipoondoka nilikuonea huruma siku chache. Baadaye nikaanza kukuchukia, maana kukuchukia kulikuwa kwepesi kuliko kujitazama.

Nilimwambia baba palepale, jeti ikiwa bado mkononi mwake. Hakufoka. Alinirudishia jeti akaniambia nimalize kazi. Nikaziba, nikatoboa, nikafunga, nikavuta kamba ya kuwashia. Mara ya tatu injini iliwaka, ikakohoa kidogo, ikatulia ikawa inanguruma bila kukatika. Baba aliisikiliza kwa muda mrefu, akaniambia niizime. Kisha akaniambia nisiguse injini yake tena. Nilimuuliza mpaka lini. Alisema hilo si lake kuamua, ni lako.

Kwa hiyo sharti lako nimelitimiza na boti haijawa yangu. Ulivyoniandikia uliandika vibaya, na hilo sitalifuta kwa kuwa nimekukosea. Lakini nilikuibia nyumba na baba kwa miaka kumi na mmoja, na sina neno linalotosha. Nisamehe. Mnunuzi wako akija ataikuta boti inawaka, na hakuna atakayemzuia. Ukitaka ibaki, na mimi nibaki nayo, itabidi uje uyaseme hayo kwa mdomo wako mbele ya baba. Usiandike. Barua zako baba hataki tena nimsomee mimi.

Wape salamu wifi na watoto. Baba anakusalimu sana. Barua hii nayo ameagiza asomewe na karani wa gati kabla sijaifunga, ahakikishe nimeandika yote. Nimeandika yote.

Mimi,
mdogo wako