Kizibao cha Blanketi la Mama

Jumatatu, 2 Julai 1956

…lakini hata hivyo nasema nikikimbia mikono iwe wazi mpaka viganjani! Yosefina anaweza kuninunia mpaka kesho, na akinuna ndiyo anazidi kuwa mzuri, ila mtu hakimbii maili kumi akiwa amefungwa kama gunia la mpunga. Nimesoma Iringa miaka minne. Julai ya kule naijua. Asubuhi majani yana weupe, ukiyakanyaga yanalia. Tulikimbia na fulana nyepesi, kaptula, na soksi kuukuu mikononi. Vidole na masikio ndivyo vya kufunika. Kifua kinajipasha chenyewe njiani. Nimemweleza yote hayo jana, kanijibu:

"Wakati huo ulikuwa hujaoa."

Sasa hilo nalo ni jibu? Mwezi mmoja tu tangu ndoa na tayari nashindwa hoja nyumbani kwangu!

Kisha akaniuliza baridi ya Iringa ikoje — maskini, hajawahi kupita Kidatu. Nikamwambia, tumbukiza mikono kwenye mtungi wa maji alfajiri, usiitoe mpaka mchana. Nikatazama — machozi! Kwa ajili yangu! Ifakara nzima hakuna mwanamume anayeliliwa hivi na mtu mzima.

Mbio za Iringa ni Jumamosi ya tarehe 21. Watatu wa kwanza watapelekwa Dar es Salaam. Nataka kushinda ili Yosefina aione bahari. Hajui bado.

Jumatano, 4 Julai

Leo nimekimbia mpaka kivukoni nikiwa na mashati mawili na sweta langu la shule juu yake. Kumpendeza tu. Jua la bonde hili halina huruma! Wavuvi waliokuwa wakipakua kambale wakanishangilia — "Mwalimu, hizo nguo za nani? Mwenyewe anakufukuza?" Nimerudi natiririka, macho yanaona giza. Yosefina akanipangusa shingo kwa upindo wa kanga.

"Umeona? Hujashikwa na baridi hata kidogo."

Nampenda. Sijui niandike nini zaidi.

Jumamosi, 7 Julai

Ee, furaha! Yosefina alikwenda Kiberege kumjulia hali mama yake, na leo amerudi na blanketi. Jekundu, la sufu, zito. Ni lile lile tulilolitoa kwenye mahari, blanketi la mama, fungu la mzazi wa mke. Mama mkwe alipoambiwa nakwenda kukimbia kwenye baridi, akainuka akalitoa kitandani. Ati alisema, "Nitajifunikaje mimi, na mtoto aliyenipa ameganda njiani?"

Ameniita mtoto! Mimi ambaye hata usoni hanitazami, akiniona anageuka upande kwa heshima, nami nainama kwa heshima, tunapishana kama watu waliodondosha sindano.

Tumelipeleka moja kwa moja kwa fundi Mwinyimvua, barazani kwake. Alilishika, akalipima kwa mkono.

"Mwalimu, ukivaa hili hutashindana na watu. Utashindana na kondoo."

"Kata tu, fundi."

Akakata. Kizibao kisicho na mikono — hapo nimeshinda mimi! — chenye vifungo viwili mbele. Nusu iliyobaki Yosefina ameikunja, atamrudishia mama yake. Ukweli kizibao ni kizito mno kwa kukimbia. Nitakivaa mpaka kwenye mstari wa kuanzia, halafu nitakivua. Sikumwambia. Amekaa ananitazama nikiwa nimekivaa kwenye joto hili, na uso wake unavyong'aa!

Jumapili, 8 Julai

Mambo yameharibika.

Baada ya misa nilikwenda kumwamkia baba mkubwa Wendelin, nimekivaa, najivuna kama jogoo. Baba mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Ndiye aliyenisomesha. Ndiye aliyekuwa mshenga wangu, akapeleka mahari. Nikamsalimu shikamoo nje ya mlango wake, akaitikia marahaba huku akikishika kizibao pindoni.

"Sufu hii naijua. Si ya mama yake Yosefina?"

"Ndiyo, baba! Amenipa mwenyewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaniuliza, mimi niliyesoma, kitu cha mahari kikitoka kwa wakwe kikaingia kwetu, maana yake nini. Kisha akajijibu mwenyewe, kwao wazee maana ni moja tu — chukueni chenu, mtupe mtoto wetu.

"Lakini alitaka nisipate baridi."

"Angetaka usipate baridi angekupa kitu chake. Huyu amekupa chetu."

Nimevua palepale. Nilirudi nyumbani nacho mkononi, jasho limenikauka mgongoni.

Yosefina nimemwambia. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 10 Julai

Wazee wamekaa tangu asubuhi kwa baba mkubwa. Tuliitwa wote wawili. Nilijaribu kusema kwamba mama mkwe hakukusudia. Mzee mmoja akaniuliza, "Amekwambia yeye?" Hapana, siwezi kuzungumza naye. "Basi unajuaje?" Wakacheka kidogo, wale wazee. Mimi masikio yaliwaka.

Shauri lao ni kwamba mpaka jambo lijulikane, Yosefina akakae kwao. Mke ambaye mahari yake imerudi hawezi kulala kwa mume. Baba mkubwa alisema maneno hayo taratibu, bila ukali, na ndiyo yaliyoniumiza.

Yosefina alisema jambo moja tu mbele yao. Alinyoosha mikono yake, akasema yeye ndiye aliyelibeba, kama kuna kosa ni la mikono hii.

Ameondoka na lori la mpunga la mchana. Alikaa juu ya magunia, mgongo wima, kama anakwenda kupigwa picha. Sikujua kama naruhusiwa kumpungia mkono. Nikapunga.

Jumatano, 11 Julai

Nyumba! Sikujua ni kubwa hivi.

Nimepika ugali ukawa mabonge. Nimefundisha jiografia vibaya. Sikukimbia.

Ijumaa, 13 Julai

Leo nimechukua blanketi jipya dukani kwa Mbaruku, jekundu vilevile, karibu pacha. Nikalipeleka kwa baba mkubwa. Nikapiga magoti kabisa. Nikamwomba aende Kiberege, amwambie mama mkwe lile ni kosa letu, hili ndilo la mahari.

Alilipapasa kwa kiganja. Nilidhani amekubali.

"Lile la kwanza nililibeba begani kutoka hapa mpaka Kiberege, kwa miguu, mvua inaninyeshea. Nilikuwa natembea nafurahi, namwozesha mtoto wa ndugu yangu. Leo nilibebe la pili, yule mama aje alikate tena atutumie vipande?"

Nikamwambia mke ni wangu, aibu iwe yangu. Akasema mke hawi wa mtu mmoja. Kisha akanipa njia yake. Nikipeleke kizibao hapo nyumbani kwake yeye baba mkubwa. Kikivuka mlango wake, amepokea, mahari imerudi rasmi, naye atanitafutia mwingine. Nisipokipeleka, basi mimi si mume wala si kapera, nikae hivyo hivyo.

Mwingine! Anaongea kama mtu anayebadilisha jembe.

Blanketi jipya nimeliacha kwake mlangoni. Kizibao kimebaki kwangu. Hapana, hakitavuka mlango ule.

Jumanne, 17 Julai

Ruhusa ya shule nimeipata. Lori linaondoka kesho. Kweli nilitaka kutokwenda, lakini barabara ya Iringa inapita Kiberege! Kwa hilo tu ningekwenda hata kama mbio zingekuwa za kutembea kwa magoti.

Fulana, kaptula, raba, soksi mbili za mikononi, kitambaa cha masikio. Kizibao.

Kelestini anakuja nami. Ni mtoto wa baba mkubwa, tumekua pamoja, tulikuwa tunalala mkeka mmoja. Anasema baba yake kamtuma asiniache peke yangu. Nimemuuliza ananilinda mimi au analinda kizibao. Akaanza kufunga mzigo wake.

Jumatano, 18 Julai, njiani

Naandika juu ya magoti, lori linaruka, mwandiko huu Mungu anisamehe.

Nimemwona! Kiberege dereva alisimama kupakia mahindi. Yosefina alikuja anakimbia, kanga mkononi, vumbi mpaka magotini. Amekonda. Au ni macho yangu. Mama mkwe alisimama mbali, karibu na jiko lao, ametupa mgongo kama ilivyo adabu. Begani amejifunika ile nusu ya blanketi. Nusu! Ukingo aliokata fundi unaning'inia nyuzi.

Yosefina aliniletea maneno ya mama yake, upesi upesi, Kelestini asisikie. Mama anauliza, amerudisha kwa nani? Alimrudishia mwenye mahari, au alimvisha mtoto? Anasema kama kumvisha mtoto ni kuvunja ndoa, basi na wao wazee wa Ifakara waende uchi.

Nilicheka mpaka chozi. Yosefina naye akacheka, halafu akanishika kifundo cha mkono.

"Usikimbie nacho. Kitakulemea."

"Wewe si ndiye uliyekitaka!"

"Nilitaka usife. Sikutaka ushindwe." Akatupa jicho upande wa Kelestini. "Kivue kwenye mstari. Lakini asikishike yule."

Honi. Sikumaliza hata kusema ninavyompenda. Nimemwinamia mama mkwe kwa mbali, nimeuinamia mgongo wake. Sijui kama aliona.

Alhamisi, 19 Julai, Iringa

Baridi! Nilikuwa nimeisahau, au mwili wa ndoa ni mwororo zaidi. Kalamu inateleza vidoleni. Kelestini anatetemeka kwenye kona ya chumba, amejifunga gunia, ananiomba kizibao cha kulalia. Nimempa shuka langu. Kizibao hapana. Tumetazamana. Tulivyokuwa ndugu!

Jumamosi, 21 Julai, asubuhi

Ukungu. Siwezi kuandika kwa soksi mikononi. Nakwenda.

Jumapili, 22 Julai

Nimekuwa wa saba.

Nianze pale uwanjani. Wenzangu walikuja na makoti, mablanketi, mmoja na gauni la mama yake. Mimi na kizibao changu chekundu. Watu wa Iringa wakapiga mluzi. "Huyu amekuja kukimbia au kuchunga?" Sikujali, kifua kilikuwa moto kama chungu. Halafu bwana mmoja wa michezo akapita mstarini anapaza sauti, namba zionekane, vueni. Namba zetu zilishonwa kwenye fulana. Wote wakavua, wakarusha nguo kwa ndugu zao, kwa wake zao. Mimi nikabaki. Kelestini alikuwa amesimama palepale, mkono umenyooka.

"Nipe, ndugu yangu. Nitamfikishia baba."

Alisema kwa upole! Kama angesema kwa ukali ingekuwa rahisi. Na mkono ule ndio ulionifundisha kuogelea. Yule bwana akapiga kelele tena, namba tisa, vua au toka. Ningekitupa chini, Kelestini angekiokota. Nikakivua, nikakikunja mara nne, nikakifunga kiunoni kwa mkanda wa kaptula. Wakacheka mpaka mwenye bastola ya kuanzisha mbio akacheka. "Mchukuzi! Mchukuzi!"

Nilikimbia vizuri, nasema kweli. Mikono wazi, vidole vya moto, pumzi yangu naiona mbele yangu kama ya ng'ombe. Maili za kwanza nilikuwa na wale wa mbele kabisa. Kisha ukungu ukageuka manyunyu, na sufu ikaanza kunywa. Kinanishuka, nakipandisha. Kinanipiga mapaja, paa, paa. Kila kilima kinazidi kuwa kizito, nikawa kama nimembeba mtu. Waliponipita wawili sikuwaza Dar es Salaam. Nilikishika kwa mkono mmoja nikakimbia na ule uliobaki.

Mwishoni Kelestini alinipokea, akanishika mabega nisianguke. Aliniuliza kama nimekuwa kichaa, kukosa safari kwa ajili ya tambara. Nikamwambia si tambara, ni blanketi la mama. Akanyoosha mkono tena, sasa nimechoka, anibebee. Nikasema nitakipeleka mwenyewe kwa mwenyewe.

"Wewe? Kwa mkwe? Bila mshenga?"

"Bila mshenga."

"Baba hatakupokea tena, unajua hivyo."

Najua. Nimekaa nalijua tangu jana na bado sijalizoea. Hakuna mtu mwingine duniani ninayemwita baba. Nitafika Kiberege peke yangu, sina mzee nyuma yangu, nitasema na mwanamke ambaye siruhusiwi kumtazama, nimpe kitu kilichokatwa. Huenda akanifungia mlango kwa adabu tu. Nitalipeleka na lile blanketi jipya pia, kama bado liko mlangoni kwa baba mkubwa.

Kizibao kimetundikwa kwenye msumari, kinadondosha maji mpaka sasa. Huku nguo hazikauki.

Kesho tunashuka bondeni. Dereva amekataa katakata kusimama Kiberege, amechelewa na mzigo wa watu, na Jumanne nina darasa. Kelestini atakaa mbele na dereva. Vema. Mimi nitakaa juu kabisa, na tukifika pale nitasimama na kupiga kelele barabara nzima inisikie, wakwe na wasio wakwe — Yosefina, mwambie mama asishone ile nusu yake, mwambie aiache kama ilivyo, ninakuja na hii nyingine tuziunge tena, ninakuja kwa miguu yangu, kabla mwezi huu haujaisha!