Kamba Chini ya Goti

Dada Vumilia,

Usalimie wote pale Masisi. Huku Kibua mvua haiachi, na muhogo wa kuchoma njo unanitunza.

Leo ku soko papa mumoja alikuwa anauzisha kamba za mugomba. Anasema mwenye ugonjwa wa sukari kama wewe afunge nguvu chini ya goti, sukari isishuke mu vidole. Sikumuamini. Mama mwenye alikuwa amefunga aliikala pembeni yake, muguu baridi kama jiwe la muto.

Nikauliza muganga wa kituo cha afya. Akasema: "Nyama ya muguu inakula sukari yenye damu inaleta. Ukizuia damu, iko kama barabara ikikatika: huku ndizi zinaoza, kule watu wanalala njaa."

Sasa, yule papa aliniambia kama alishapitaka kwetu Masisi. Na wewe, wenye wanatoka huko wanasema, tangu siku hizo unavaa kitenge mpaka chini na unatembea pole pole. Utadanganya mwengine. Inua hicho kitenge, dada, ukate kamba kwanza, kisha unikasirikie.

Mungu akuchungie miguu yote mbili.

Mudogo wako, Bahati