Bahasha Iliyoingia kwenye Gunia la Majani Chai

KITUO CHA POLISI, KONOIN
MAELEZO YA SHAHIDI
Jambo: Kuzuia lori la majani chai barabarani

Jina: Benard Kiptanui. Umri: miaka 47. Kazi: karani wa kituo cha kununua majani chai cha Kaptolilo, miaka kumi na tisa sasa. Makao: Kaptolilo, karibu na Mogogosiek.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naomba iandikwe mapema kwamba sikuja kumtetea mtu. Nimeletwa na dereva wa lori, niwe shahidi wake.

Kazi yangu ni kukagua. Mkulima akileta kikapu, anamwaga majani mezani, napitisha mkono. Majani magumu natupa, mazuri yanaingia kwenye gunia na kupimwa. Kanuni ni majani mawili na chipukizi, basi. Wakulima wananichukia na mimi nalala vizuri.

Mshukiwa, Chelangat, miaka 24, namjua tangu utotoni. Ni kichwa ngumu. Wiki mbili zilizopita nilitupa nusu ya majani ya mama yake, akaniuliza mbele ya watu wote kanuni hiyo imeandikwa wapi. Jioni hiyo hiyo, bila haya, akaja kwangu na fomu ya kuomba kusomea sheria chuo kikuu. Ukurasa wa nne ulitaka mtu mwenye wadhifa aandike juu ya tabia ya mwombaji. Pasta alikuwa safarini. Nikamwambia, "Tabia gani? Ng'o!" Akaenda na ukurasa wake mtupu.

Mnamo tarehe 27 Oktoba 1998, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu. Chelangat alileta kikapu cha mama yake, akakiacha kwenye foleni, akakimbia dukani kununua stempu. Mama alikuwa ameweka bahasha yenye fomu na vyeti chini kabisa ya majani ili isinyeshewe. Msichana alijua ataitoa zamu yao ikifika, kwa sababu kwangu kila jani hupita mezani.

Lori lilifika saa tisa na nusu, mapema kuliko kawaida. Dereva, Danson Mbuthia, alipiga honi bila kukoma. Tukapakia magunia thelathini na nane.

Chelangat aliporudi alikuta kikapu kitupu. Alipiga kamsa, akasimama katikati ya barabara mbele ya lori, mikono kiunoni.

Dereva akasema, "Wewe, toka! Majani yakipata joto na kuungua kwa gunia utajibu wewe?"

Akajibu, "Fomu yangu iko humo na vyeti vyangu vyote. Inatakiwa Nairobi Ijumaa. Nikikosa, nangoja mwaka mzima."

Dereva akasema hakuna fomu, karani hukagua. Nami nikasema, "Kweli. Mimi hakuna kitu kinanipita."

Hapo ndipo aliponigeukia. Akasema kwa adabu, "Baba Kipkurui, leo ulimwaga majani ya mama mezani?"

Nikasema kazi yangu inajulikana.

"Sijauliza kazi. Leo ulimwaga mezani?"

Afande, fikiria mwenyewe. Nikisema nilikagua, bahasha niliyoiona iko wapi? Nikisema sikukagua, wakulima niliowatupia majani miaka kumi na tisa wamesimama pale pale wananitazama. Njia ya mwongo ni fupi. Nilitokwa na jasho kwenye mvua.

Sikukagua. Honi ilikuwa inalia, meza imelowa, nikamwaga vikapu vya mwisho moja kwa moja kwenye magunia. Nilisema hivyo kwa sauti. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye matope. Niliona aibu sana, na bado naiona.

Magunia yalishushwa. Bahasha ilipatikana ndani ya gunia la thelathini na moja, saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Ilikuwa kavu, mama aliifunga na nailoni. Dereva alikuwa ameshaita polisi. Chelangat alikamatwa akiwa ameikumbatia, akalala hapa.

Leo ni Jumatano. Fomu ikiondoka asubuhi hii kwa posta ya haraka, itafika. Ikilala hapa tena, imekwisha.

Umeniuliza kama alizuia lori. Alizuia, saa nzima. Kama alitukana. Hapana. Kama alimgusa mtu. Hapana. Aliuliza swali moja, mara mbili, nikatoa ukweli ambao hata mke wangu hangeweza kuutoa kinywani mwangu. Kama huyo si wakili, mimi sijui wakili ni nani. Mwacheni aende.

Nimesema niliyoyaona, na hata niliyotaka kuyaficha. Naweka sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: B. Kiptanui
28 Oktoba 1998, saa tatu asubuhi

Maandishi ya afisa: Nimeandika maelezo haya mimi, Konstebo Nyaberi, nikamsomea shahidi akayakubali. Dereva Mbuthia ameondoa malalamiko baada ya kusikia kwamba mshukiwa angependa kumuuliza maswali. Shahidi ameomba nakala ipigwe muhuri na kubandikwa kwenye ukurasa wa nne wa fomu. Nimepiga. Mshukiwa alisoma nakala kabla ya kufunga bahasha, akataka maneno "kichwa ngumu" yafutwe. Shahidi amekataa katakata. Amesema chuo kimeuliza tabia, na hiyo ndiyo tabia yenyewe.