Mwenye Ndevu Kwenye Kupamba

Jumapili, magharibi imeshaingia. Mvua imenyesha tangu asubuhi, vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa maji, nami nimerowa mpaka soksi. Wala sijali! Leo nina furaha ya kumtia mtu wazimu.

Nianze na uchungu. Jana kundi letu la waandishi lilikutana mkahawani kule Makadara, kuchagua hadithi za kitabu chetu cha kwanza. Yangu inamhusu mama anayemwoza binti yake wa mwisho, na yote hutokea usiku wa kupamba. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Athmani, aliisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Wewe ulikaa wapi ukayaona haya?"

Kupamba ni sherehe ya wanawake pekee. Bibi harusi huja kuonyeshwa, mabuibui huvuliwa, simu huachwa mlangoni, hata mpiga picha ni mwanamke. Mwanamume hana njia, sembuse mimi na ndevu hizi. Mwalimu akasema mwandishi aandike aliyoyaishi, mengine ni kudanganya watu. Akanipa mpaka leo jioni nilete nyingine, la sivyo nisahau kitabu.

Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa sababu niliogopa kwamba amesema kweli.

Basi leo baada ya adhuhuri nikaipeleka kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, ambaye sidhani kuna harusi mjini hapa iliyompita. Nilimkuta na majirani zake wanakaanga kaimati. Akapokea karatasi, akaniamuru nikae nje kibarazani, akateremsha pazia, akaanza kuwasomea kwa sauti.

Hata ukurasa wa pili haujaisha, kicheko!

"Bibi harusi wake yuwacheza!" mmoja alipiga ukelele. "Na mamake mume yupo, yuwamtazama!"

Kumbe bibi harusi hachezi. Huingia taratibu, macho chini, akaketi jukwaani atazamwe. Wachezao ni wengine. Mimi wangu nilikuwa nimemchezesha mpaka jasho likamtoka. Nilitamani yale maji ya kichochoroni yanibebe.

Kisha wakanyamaza.

Nilijua wamefika wapi. Mama wa bibi harusi anacheka na wageni, anawahimiza wale halua, halafu anaingia msalani peke yake. Anafungua bomba ili maji yafunike kilio. Analia, ananawa uso, anarudi kucheka.

Nikasikia mafuta yanavyochemka. Halafu ikaja sauti ya Mama Swabra, jirani wa mlango wa pili, aliyemwoza kitinda mimba wake juzi juzi tu baada ya Idi.

"Nani kamwambia? Mimi nalifungua bomba usiku ule. Nalidhani hakuna ajuaye."

Shangazi akatoka mbio, mwiko mkononi. "Wewe, sema kweli. Ulivaa buibui ukatuingilia?"

"Wallahi sikuingia, shangazi. Nimebuni."

"Muongo mkubwa!" akasema, akanitia kaimati ya moto mdomoni.

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani mwangu.

Ila kilio kile sikukibuni chote. Mdogo wangu alipokwenda kufanya kazi Arabuni, nilimsindikiza uwanja wa ndege nikimtania njia nzima. Alipopotea kule ndani, nilikwenda chooni nikafungua bomba. Sijamwambia mtu, hata mama. Yule mama wa hadithi nilimpa bomba langu, harusi nikaiazima kwa watu, na nilipokosea wenye harusi wamenirekebisha. Mbona Mwalimu anataka nichague kati ya niliyoyaishi na niliyoyaazima?

Nimerudi nyumbani nikamketisha bibi harusi wangu jukwaani, macho chini. Bomba sikuligusa. Nikamtumia Mwalimu hadithi ileile na maneno machache: aliuliza nilikaa wapi, basi nilikaa kibarazani, nikawasikia wenyewe.

Jibu limekuja sasa hivi. Kamsomea mkewe, mkewe kainuka bila neno kwenda kunawa uso. Hadithi imeingia kitabuni.

Nimecheka peke yangu humu chumbani, kisha nikalia kidogo. Bomba sikufungua.

Kesho naanza nyingine. Itakuwa ya mkunga.