Kidude Kilichoililia Ndoo

Malvern, Toronto
Mwezi wa pili, baridi haijaisha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapa Rukia ameshakusomea, na wewe umeshaitika marahaba kwa sauti kana kwamba nimesimama mlangoni, kwa hiyo na tuendelee. Macho yanasemaje? Na lile goti? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi nimechoka, Mama. Ni uchovu usioisha kwa kulala. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, mguu juu ya mto, na habari ya huo mguu utaisikia. Usishtuke. Anayeandika ni mzima.

Barua hii nimempa jirani yetu anayekuja Tanga likizo. Kwenye simu siwezi kuyasema haya, maana nikianza tu unaniuliza nimekula nini, na kadi inakwisha tukiwa bado kwenye wali.

Kaka Salim ameniambia ulianguka uani, ukakaa chini mpaka muuza maziwa alipokuja kubisha hodi. Ameniambia pia kwamba alitaka kumleta binti yake Rukia aishi nawe, ukamjibu kuwa wewe si mfungwa, huhitaji askari. Tangu hapo sijatulia. Nilitaka kukulaumu, lakini nikulaumu kwa mdomo gani, wakati jibu hilohilo nililitoa mimi kazini?

Jumapili nasafisha ofisi za ghala moja huko Downsview, upande wa pili wa mji, nashuka basi hili napanda lile. Siku hiyo jengo zima ni langu peke yangu. Kwa sababu hiyo wamenipa kidude kidogo kama kiberiti, cha kubana kifuani. Mwenye kukivaa akianguka, au akikaa muda bila kutikisika, kinalia. Asipokizima, kinapiga simu kwa msimamizi. Ni wazo zuri, sina ubishi.

Shida ni deki. Wakati wa baridi huku wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inaingia ndani na viatu vya watu, ikikauka sakafu yote inakuwa nyeupe. Wamenipa dekio la mti mrefu, lakini hilo linaitembeza tu chumvi kutoka hapa kwenda pale. Wewe ulinifundisha deki ya tambara: kiuno kimeinama, magoti yamenyooka, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Basi nikainama. Kidude kikaona kifua kimeelekea chini, kikaamini nimeanguka, kikapiga kelele. Nikakizima, nikainama tena, kikalia tena. Mara nyingine mikono imejaa povu, nachelewa kukizima, na simu inakwenda.

Msimamizi wangu ni Bwana Fernandes, Mgoa aliyezaliwa Kisumu, mtu mzima wa makamo yako. Mara ya kwanza alikuja mbio, akanikuta nimeinama na tambara langu, buheri wa afya. Mara ya pili pia alikuja. Baadaye akaacha kuja, akawa anapiga simu tu kuuliza kama ni deki. Akaniomba nisimame, nitumie dekio kama watu wengine. Nikamwambia napiga deki tangu utotoni, sihitaji kuchungwa. Kisha nikakivua kidude nikakitundika kwenye mpini wa toroli, juu ya ndoo. Nikipita nakitikisa kidogo kinyamaze. Tukaelewana hivyo, mimi na chenyewe.

Jumapili moja niliacha toroli juu, na simu yangu kwenye koti, nikabeba taka kushuka nazo kwa ngazi za nyuma. Theluji niliyoingia nayo kwenye viatu ilikuwa imeyeyuka pale. Sijui niliteleza vipi; nilijikuta chini, mguu umekunjika chini yangu, na kila nikijaribu kuinuka naona giza. Nikaita kwa Kiingereza, nikaita kwa Kiswahili, mwishowe nikawa naita "Mama" tu, mtu mzima na akili zangu. Hakuna aliyeitika. Niliogopa, Mama. Niliogopa kufa pale na kuokotwa Jumatatu. Nikakufikiria wewe uani, ulivyokaa chini ukisikiliza kama kuna mtu atabisha hodi, na wewe huna hata kidude.

Huko juu kidude kilikosa wa kukitikisa, kikapiga simu. Bwana Fernandes alikuwa ametoka kanisani, amekaa mezani na wajukuu. Akajisemea ni yule mama na deki yake, akaendelea kula. Simlaumu, ningekuwa mimi ningeongeza mchuzi. Lakini alipopiga simu yangu mara kadhaa bila kupokewa, akaja. Nikamsikia anazunguka juu, anaita, kisha kimya. Alidhani nimetoroka kazi. Sauti ilikuwa imenikauka, nikavua kiatu nikawa nagonga bomba la ukutani, nikagonga mpaka akashuka.

Akakaa kwenye ngazi kando yangu na suti yake ya kanisani.

"Mama Zuhura," akasema, "hii mashine imenileta kwa ndoo. Ndoo iko sawa. Mimi natafuta mtu."

Nilitaka kucheka, nikalia.

Kifundo cha mguu kimevunjika. Wamenifunga hogo la plasta mpaka chini ya goti, nasubiri mfupa uunge. Nikirudi kazini kidude kitakaa kifuani, nimeshamwahidi, na deki nitapiga nimesimama, hata kama chumvi itanicheka.

Sasa hapa Rukia asome polepole, Mama, usijifanye husikii. Mpokee huyu mtoto. Kama unaona aibu, waambie majirani umemchukua umfunze mapishi, maana msichana mkubwa yule hawezi kukuna nazi bila kukuna na kidole. Rukia, usiruke mstari huo. Mimi niko mbali, siwezi kukuinua, na nimechoka kulala nikijiuliza kama umelala kitandani au uani. Nimejua mwenyewe ile sakafu ilivyo.

Zuhura anakuamkia. Nilimwambia mjukuu wako aandike mwenyewe, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ataandika kesho. Nisalimie Kaka Salim na wifi yangu mkewe, na Mama Chausiku wa maandazi jirani yako. Muuza maziwa mpe salamu mara mbili, na chai.

Na mpaka Rukia atakapohamia, nakuomba jambo moja. Wewe ni fundi wa kubipu, tangu nije huku hujanipigia simu ikafika kupokewa. Asubuhi yako ni usiku wangu, saa ya mimi kulala. Ukishaamka ukaswali, bonyeza namba yangu, iache ilie mara moja, ukate. Sitapokea. Nitajua umeinuka, nami nitazima taa.

Ni mimi mwanao uliyemfundisha deki,
Tatu