Mwaminifu Asiye Mwamini

Ijumaa, 3 Agosti 1973

Kola tu ndizo zimebaki. Sare za shule zinanitoa roho kila likizo ya Agosti. Mashine inakata uzi. Rasharasha tangu asubuhi, Nyeri yote baridi.

Mwangi alipita dukani. Mama yake ananiita Mweiga Jumapili, kwenye mkutano wa waliookoka. Mhubiri ni Mtaita, hajui Kikuyu, kwa hiyo itakuwa Kiswahili. Nafuu kwangu niliyekulia Nakuru. Najua wataniuliza kama nimeokoka. Mama Mwangi alishasema: asiyeokoka haolewi na mwanawe. Mwangi ananibembeleza niseme ndiyo, yaishe.

Ng'o. Sijaamini tangu nikiwa msichana, sitaanza kuigiza kwa ajili ya gauni jeupe. Lakini Mwangi namtaka. Namtaka sana. Hapo ndipo penye taabu.

Jumapili, 5 Agosti

Nimesema! Mbele ya watu wote. Mhubiri akaniuliza, nikasimama. "Mimi si mwamini. Nimeficha sana, leo sitaki kuficha tena."

Nikangoja kufukuzwa. Wapi! Mama Mwangi akaanza kulia, akageukia wenzake, akawaambia neno kwa sauti ya chini, na wimbo ukaanza. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Sikuelewa kitu. Nimekunywa chai ya maziwa mpaka tumbo linauma.

Labda niliwadhania vibaya. Labda ukweli wanaupenda kuliko nilivyofikiri.

Jumatatu, 6 Agosti

Mwangi amekuja dukani uso umemvimba. Hata salamu hakuna.

"Ni nani?"

Nani nani? nikamwuliza.

"Huyo mwanamume wako."

Ndipo nikajua. Kiswahili cha mama yake ni cha kuuzia viazi sokoni Karatina. Nilisema si mwamini, yeye akasikia si mwaminifu. Akawaambia wenzake kwa Kikuyu kwamba nimekiri kutembea na mwanamume mwingine. Na kwao ukishakiri hadharani, umeingia. Nimeokoka, ati! Mhubiri alinisikia vizuri, lakini alipoona watu wanaimba, naye akapiga makofi, akaenda zake.

Nilicheka mpaka mteja akanishangaa. Halafu nikalia, kwa hasira.

Jumatano, 8 Agosti

Mwangi ametulia. Ananiamini. Sasa ana wazo. Mama amefurahi, ameshaongea na mchungaji, harusi Desemba. Tuache hivyo hivyo, anasema. Kosa si letu.

Rahisi kweli. Ninyamaze, nivae gauni, basi. Lakini katika nyumba ile nitakuwa malaya aliyetubu mpaka nife, na juu yake mwongo. Sitaki kuolewa kwa dhambi ambayo hata sikuifanya. Jumamosi naenda Mweiga, liwe liwalo. Mwangi amenuna. Anune.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeenda peke yangu. Nilimkuta Mama Mwangi zizini anakamua. Safari hii nilisema kwa Kikuyu changu cha kuungaunga, neno lisije likapotea tena. Sina mwanamume mwingine, sijawahi kuwa naye. Ila Mungu simwamini.

Akaacha kukamua. Nilidhani lile la kwanza angalau litamfurahisha.

"Heri ungekuwa na huyo mwanamume," akasema.

Mwenye dhambi, akasema, yeye anajua pa kumkalisha. Amekalisha wengi, naye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mtu kama mimi atamweka wapi? Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli: kama hakuna Mungu anayeniona, ni nini kinanizuia kumdanganya Mwangi?

"Mwangi mwenyewe."

Jibu langu halikumwingia hata kidogo.

Niliumia, nami nikarusha langu. Nikamwuliza maombi yake ya miaka yote yamemletea nini. Mume alikufa, ng'ombe walikufa, na bado anapiga magoti. Nilitaka limchome. Akacheka!

"Kwani wewe ukiongea na Mwangi, huwa unamwomba kitu?"

Siku zote nimejua wanaomba ili wapewe. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe.

Akasema kanisani hapana, hawezi kunipeleka madhabahuni kwa uongo. Nikasema nami sitaki uongo. Hapo tu ndipo tulipokubaliana. Nimerudi nimechoka, lakini kifua chepesi.

Jumapili, 19 Agosti

Mwangi ametoka Mweiga. Mama yake amesimama mkutanoni akasema ni yeye aliyesikia vibaya, kwamba mimi si mzinzi na wala sijaokoka. Wakamwambia avunje uchumba. Akasema yeye haoi, anayeoa ni mwanawe. Basi wamemwondoa kwenye kuongoza nyimbo. Miaka yote ameongoza yeye.

Jamani. Wangenifukuza mimi ningeelewa.

Nimemwambia Mwangi tunakwenda kwa DC, mkuu wa wilaya, atufungishe ndoa ya serikali. Mama yake akija, vizuri. Asipokuja, tutaoana vilevile. Safari hii hakununa. Amesema hata kesho.

Jumapili, 21 Oktoba

Tulioana Alhamisi. Gauni la bluu, nililishona mwenyewe. Mama hakuja. Alituma mtu atuambie kwamba Jumapili tuje kula.

Tumekwenda leo. Hakutaja ndoa, nami sikuitaja. Tulimenya viazi pamoja, tukaongea habari za ng'ombe wake mwenye homa. Chakula kilipofika mezani akaomba, maombi marefu, irio, vile viazi tulivyoponda na mahindi, ikaanza kupoa. Mwangi alifumba macho. Mimi sifumbi, huwa natazama sahani. Sijui kwa nini leo niliinua uso.

Mama alikuwa ananitazama, midomo bado inaomba. Sikuangalia pembeni, wala yeye. Akaomba vivyo hivyo mpaka mwisho, macho wazi, akasema amina, akanipakulia mimi kwanza.