Damu ya Joris

Leiden,
9 Novemba 1976.

Mpendwa kaka Wouter,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na mgongo umepoa? Mama bado anasema baridi ya Kanada itakumaliza, na bado anakufumia soksi usizozivaa. Sisi tu wazima wa mwili.

Hukuwahi kumzika Joris, na mama yake, mdogo wetu Machteld, hakulaumu. Watu walikunywa kahawa, wakala keki, wakaenda zao. Aliishi miezi saba tu, kaka, na zaidi ya nusu yake aliimalizia hospitalini, kwa mapafu na kuhara.

Ninalokuandikia ni hili. Damu yake niliipima mimi. Daktari alishuku kwamba chembe zake nyeupe zimekosa kile kimeng'enya ninachokipima kila siku maabarani. Kisipokuwapo, takataka za chembe hurundikana na kuziua, mtoto akabaki bila kinga. Ni ugonjwa wa kurithi. Mimi nilikikuta, tena cha kutosha. Nikaandika "kawaida", nikatia sahihi, nikampigia Machteld simu kwa furaha.

Mwezi uliopita niliona faili lake wodini. Siku mbili kabla ya kipimo alikuwa ameongezwa damu. Nilipima chembe za mtu mwingine. Swali la kwanza tunalofundishwa kuuliza ni hilo, lakini kwa kuwa ni mtoto wa kwetu nilikimbilia mashine.

Muuguzi aliniambia, "Sisi tuliandika, dada. Wewe ndiye hukusoma."

Pengine Joris asingepona hata hivyo. Lakini Machteld ana mimba nyingine, wiki ya kumi na nne, na aliishika kwa kuiamini karatasi yangu. Maji ya tumboni hupimwa wiki ya kumi na sita kuona kama mtoto ameurithi ugonjwa. Akichelewa, basi tena.

Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaogopa. Jumapili alikuwa akipaka mkate siagi.

"Mbona umenuna, Geer? Utamtisha mtoto."

Akaendelea, "Akiwa msichana atachukua jina lako. Bila wewe nisingethubutu tena."

Kesho ninakwenda kumwambia. Barua hii ikikufikia atakuwa ameshajua. Mpigie simu, kaka. Atahitaji ndugu wa kulia naye, na sidhani kama atanitaka mimi.

Nisalimie shemeji Annelies na watoto, hasa Pim. Mungu awalinde wote mlio chini ya paa lenu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Geertje